"Ni Wimbo Tu": Mtumaji wa Wimbo na Suala la Fanani

Utangulizi

Katika wiki ya sita ya muhula uliopita, yapata saa nne za usiku, nilimtumia rafiki yangu wimbo. Ni taarabu ya zamani, ile ya fidla na kanuni, niliyokuwa nimeipata siku mbili nyuma, nayo ikaninasa vibaya sana. Nilikuwa naisikiliza kwenye daladala, naisikiliza nikifua, naisikiliza nikijidai nasoma. Mtu ukinogewa namna hiyo huwezi kuvumilia kukaa na utamu wako peke yako. Basi nikabonyeza, wimbo ukaenda. Sikuandika neno hata moja la kuusindikiza.

Asubuhi yake, kabla ya mhadhara wa saa mbili, rafiki yangu alikuja chumbani kwangu. Alisimama mlangoni, hakuketi. Akanipa bahasha. Ndani mlikuwa na shilingi 40,000.

"Dada, asante kwa ujumbe," akasema. "Zihesabu."

Msomaji aelewe kwamba tangu mwaka wa kwanza huyu mwenzangu hakuwahi kuniita dada. Sisi ni shoga na shoga. Hilo "dada" lilikuwa la mtu na mtu wake asiyemjua, la kwenye foleni ya benki. Na zile pesa nilikuwa nimemkopesha miezi mitatu nyuma ili aprinti na kubaindi ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Wimbo niliomtumia, kwa bahati mbaya, unaimbwa na mtu aliyemtendea mwenziwe wema, kisha mwenziwe akausahau.

"Jamani shoga," nikasema, "ni wimbo tu!"

Akanijibu: "Wote husema hivyohivyo." Akaenda zake.

Makala haya yamezaliwa na jibu hilo. Hoja yangu ni kwamba katika jamii yetu ya Waswahili mtu anayempa mwenzake wimbo anaoupenda si tarishi wa kupeleka mzigo asioujua. Yeye ni fanani, tena fanani mwenye dhamana, na uhakiki wetu wa nyimbo umemsahau. Wimbo wenyewe sitautaja jina. Hapa chuoni tunajuana, na kuutaja ni kuutuma mara ya pili.

Fanani ni nani?

Darasani tumefundishwa kuuhakiki wimbo kwa kuuandika ubaoni. Tunatafuta dhamira, tunahesabu vina na mizani, tunaorodhesha tamathali za semi, tunamaliza. Kwa shairi lililotungwa ili lisomwe kitabuni njia hii haina ubaya. Lakini wimbo ni fasihi simulizi, na wataalamu wetu wenyewe walikwisha kutuonya. Profesa M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi (Mulika Na. 21, 1989), alisisitiza kwamba utanzu hauwezi kutazamwa mbali na muktadha na namna ya utendaji wake: yuko fanani, iko hadhira, pako mahali, na upo wakati. Ukiyaondoa hayo, unabaki na maneno tu.

Sasa tujiulize: katika tukio la saa nne za usiku, fanani alikuwa nani? Mwimbaji? Mwimbaji yule aliimba miaka mingi kabla sisi hatujazaliwa, hamjui rafiki yangu wala hajui habari ya shilingi 40,000. Hadhira ilikuwa mtu mmoja, kitandani, mwenye deni. Aliyechagua utungo, akachagua hadhira, akachagua na wakati, ni mimi.

Nilipoitoa hoja hii kwenye semina, mwenzetu mmoja alinicheka. Alisema kama kila mwenye simu ni fanani basi hata kondakta wa daladala anayefungulia redio ni fanani, na istilahi imekwisha kazi. Hoja yake ina uzito, lakini tuitazame vizuri. Bibi anayesimulia ngano ya Sungura na Fisi hakuitunga. Aliipokea kwa bibi yake. Hata hivyo hakuna mhakiki anayesita kumwita bibi huyo fanani. Kwa hiyo kutunga si sharti. Sharti, kwa maoni yangu, ni uteuzi wa mambo matatu: utungo huu, kwa mtu huyu, wakati huu. Kondakta aliyeacha redio ijiimbie yenyewe hajateua lolote. Lakini kondakta huyohuyo akiongeza sauti kila anapopanda abiria fulani aliyemkatalia uchumba, hapo jamani tusidanganyane. Gari zima litajua nani anaimba.

Nafsi ya pili isiyo na jina

Kwa nini basi taarabu hasa? Sababu imo katika fani. Nyimbo nyingi za taarabu huzungumza na nafsi ya pili isiyotajwa jina. Kuna "wewe", kuna "mwenzangu", kuna ua, ndege, tunda au chombo kilicho baharini, lakini hakuna fulani binti fulani. Kiswahili kinamsaidia mtunzi kwa sababu mtu mzima anaweza kuingizwa katika kiambishi kimoja tu: -ku- ndani ya kitenzi inatosha. Kiti cha "wewe" kimeachwa wazi, na yeyote anaweza kukalishwa.

Zipo nyimbo zilizotaja majina, na historia yake inajulikana. "Kijiti" wa Siti binti Saad unasimulia kisa cha mauaji ya mwanamke mgeni mjini Zanzibar na umembeba mhusika hadi kwenye jina la wimbo. Siti na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, nyimbo za namna hiyo zilienea pwani yote, na santuri moja ilisikilizwa na watu wengi waliokusanyika penye gramafoni. Huo ni wimbo wenye mshitakiwa wake. Ukimpa mtu "Kijiti" leo, hatajiona ndani yake isipokuwa awe na la kuficha. Wimbo wenye "wewe" mtupu humngoja wa kumjaza.

Ni nani anayemjaza? Ukumbini ni mtunzaji. Aliyewahi kuhudhuria taarabu anajua. Mwanamke ananyanyuka na noti mkononi, anakwenda kwa madaha, hakati njia fupi. Anapita mbele ya meza fulani. Ubeti unapofika pale anapopataka, mkono unapaa, jicho linageuka, noti inamfikia mwimbaji. Mwimbaji haachi kuimba wala haulizi. Kuanzia hapo ule ubeti si wake tena. Umenunuliwa na una mwenyewe mpya. Kelly Askew, katika kitabu chake Performing the Nation (2002), amewaeleza watunzaji wa Tanga kwa kirefu, na ukimsoma utaona kwamba ukumbi mzima huwa unatazama watunzaji kama unavyomtazama mwimbaji. Ushindani wa Tanzania One Theatre na Muungano katika Dar es Salaam ya miaka ya 1990 uliipa mipasho umaarufu mkubwa, lakini nguvu ya mpasho haikuishia jukwaani. Ilikwenda na watu hadi uani na kisimani.

Kanga nayo hufanya kazi hiyohiyo. Mwenye kanga hakuiandika. Aliichagua dukani kwa jina lake, akajifunga asubuhi ambayo jirani yake angepita. Jirani akikasirika ataambiwa nini? Kwamba ni kanga tu, nimependa rangi.

Rangi ya kanga na fidla yangu mimi ni kitu kimoja. Hapo ndipo nilipokamatwa.

Kutoka kurekodi hadi kurusha

Watu wazima husema zamani watu walipeana muziki kwa heshima zaidi. Sitaki kusifu ya kale kwa kuwa ni ya kale, lakini kuna jambo moja la kiufundi ambalo mhakiki hapaswi kulipita. Mama yangu ana kaseti ambayo rafiki yake alimrekodia walipokuwa wasichana. Ni ya dakika 90, yaani dakika 45 kila upande, na ina Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajabu, na Mlimani Park wa enzi zile. Kaseti hainakiliwi kwa kubonyeza mara moja. Kwa redio kaseti ya nyumbani, wimbo wa dakika nane ulichukua dakika nane kurekodiwa. Rafiki wa mama ilimbidi akae, asikilize kila wimbo hadi mwisho, akate kwa wakati, ageuze upande, aandike majina kwa kalamu kwenye karatasi ya ganda. Kwa hiyo aliyepokea kaseti alijua jambo moja kwa hakika: aliyenipa hizi nyimbo amezisikia zote, tena akinifikiria mimi.

Redio nayo ilikuwa na kanuni zake. Katika vipindi vya salamu, msikilizaji aliandika kadi, akaitia stempu, na mtangazaji akasoma mambo matatu kabla ya wimbo: anayetuma ni nani, salamu ziwafikie akina nani, na ujumbe wake unasema nini. Hapakuwa na pa kujificha. Aliyetaka kumpiga mtu kijembe redioni ilimbidi akipige kwa jina lake mwenyewe na taifa zima linasikia.

Halafu zikaja simu zenye Bluetooth, na lugha ikabadilika pamoja nazo. Hatukusema tena "nirekodie". Tulisema "nirushie". Nirushie wimbo, nimekurushia, umerushwa? Neno hili halikuja bure. Kitu kinachorushwa hakikabidhiwi mkononi. Chaweza kudakwa, chaweza kuanguka, chaweza kumpiga mtu usoni. Hata hivyo, kwa Bluetooth wawili walilazimika kuwa karibu, simu kwa simu, wakisubiri. Ulikuwa unaona uso wa mwenzako.

Leo hata uso haupo. Wimbo naweza kuutuma kwa watu kumi bila kuusikiliza mwenyewe, kwa bando la siku. WhatsApp, tangu mwaka 2019, haikuruhusu tena kusambaza ujumbe kwa mazungumzo zaidi ya 5 kwa mpigo, lakini kikomo hicho kiliwekwa kwa ajili ya uvumi, hakikuwekwa kwa ajili ya vijembe. Kijembe kinahitaji mtu mmoja tu. Tena iko stetasi. Unaweka kipande cha wimbo, hukumtaja mtu, kinakaa saa 24, na kila mwenye lake moyoni anajiona ametajwa yeye. Wenzangu, hii stetasi ndiyo kanga ya leo. Tofauti ni kwamba mwenye kanga aliweza kuona ni nani aliyeumia na hata kujirudi siku ya pili yake. Sisi tunaona orodha ya waliotazama, basi.

Nimsemee pia mtetezi wa raha. Si kila wimbo una mtego. Wengi wetu tunacheza Franco na TPOK Jazz wala Kilingala hatukijui. Ningemtumia rafiki yangu wimbo wa Franco usiku ule, nisingeletewa bahasha. Angenijibu kwa vichekesho, tungelala. Lakini mfano huu unaithibitisha hoja yangu. Pale ambapo maneno hayaeleweki, kinachotumwa ni raha pekee. Pale yanapoeleweka, raha haitoki peke yake. Inatoka na "wewe" wake mgongoni.

Utetezi wenye kasoro

Turudi mlangoni kwangu. "Ni wimbo tu," nilisema, na kwa fikra zangu nilikuwa nimesema kweli. Kwa nini kweli yangu haikunisaidia?

Kwa sababu utetezi wa asiye na hatia ndio uleule wa mwenye hatia, neno kwa neno. Mpasho uliokomaa hutungwa ili mwenyewe aweze kuukana. Mtunzaji atasema alimtunza mwimbaji. Mwenye kanga atasema alipenda rangi. Aliyetuma wimbo atasema ni wimbo tu. Utamaduni umewapa wachokozi ngao nzuri mno, na siku mtu mwema anapoihitaji anaikuta imetumika hadi imetoboka. Rafiki yangu hakunionea. Alinisoma kama alivyofundishwa kusoma na mama yake, na shangazi yake, na kila ukumbi aliowahi kukaa. Kwa vigezo vya fasihi yetu yeye ndiye aliyekuwa mhakiki bora usiku ule. Aliangalia utungo, hadhira na wakati. Mimi, mwanafunzi wa fasihi, nilikuwa naangalia fidla.

Tena kuna jambo gumu zaidi, na nisipolisema makala haya yatakuwa ya uongo. Nimejichunguza. Siku nilipoupata wimbo ule nilikuwa nimepiga hesabu ya pesa nikakuta sina hela ya chakula hadi mwisho wa wiki. Sikumfikiria rafiki yangu, naapa. Lakini kwa nini wimbo huo, wiki hiyo? Mama anazo kaseti tele za taarabu na nyingine zina fidla tamu kuliko hiyo. Wimbo unaotunasa wiki hii aghalabu umeshika kitu kilichokuwa kimelala ndani yetu bila sisi kukipa jina. Tunasema tunapenda ala. Labda ala zinatusaidia kusikiliza tusichotaka kukisema. Sidai kwamba nilimdai kwa wimbo. Nasema tu kwamba siwezi tena kuapa kwa sauti ileile niliyokuwa nayo pale mlangoni.

Na kama mtumaji mwenyewe hana hakika ya maana aliyoituma, mhakiki atawezaje kuitafuta maana hiyo katika vina na mizani peke yake? Haiwezekani. Maana ya tukio lile ilikuwa katika nafasi baina ya watu wawili, deni dogo, na saa ya usiku. Wimbo ulikuwa njia ya kupitia.

Hitimisho

Je, tuache kupeana nyimbo? La hasha. Tukiacha, tutabaki kila mtu na spika zake masikioni kama watu waliogombana. Ninachopendekeza kwa watumaji ni kanuni ya zile kadi za salamu: taja unayemtumia, na utoe ujumbe wako. "Shoga, sikiliza fidla inavyoingia baada ya ubeti wa pili, imeniua." Sentensi moja ingetosha. Kwa sentensi hiyo kile kiti cha "wewe" kinajazwa na jambo unalolijua, badala ya kumwachia mwenzako ajikalishe mwenyewe. Na kwa wahakiki wenzangu napendekeza kwamba tunapochambua wimbo tuulize pia nani alimpa nani, lini, na kwa maneno gani. Utafiti wa namna hiyo hauhitaji safari ya mbali. Mabweni yetu yamejaa data.

Baada ya siku tisa nilikwenda chumbani kwake. Nilichukua spika za masikioni, zile za waya, nikampa moja na mimi nikavaa moja. Hakukataa. Tukasikiliza mwanzo hadi ubeti wa pili, akanyanyua mkono. "Hapa," akasema. "Hapa ndipo niliposhindwa kulala." Nikarudisha nyuma kidogo nikamwambia asikilize kilicho chini ya maneno. Akasikiliza. Akaniambia, "Fidla sikuisikia kabisa usiku ule."

Nami nikakiri kwamba maneno sikuwa nimeyasikia.

Kiswahili kina kitenzi kizuri kwa jambo hili, na ni ajabu kwamba hatujakipa nafasi katika nadharia zetu. Watu wanaopatana tunasema wanasikilizana. Haisemwi wanarushiana. Bahasha hakuichukua, alisema deni ni deni na limekwisha. Siku hizi ananiita shoga tena, ingawa si kila siku. Wasomaji na wahadhiri wetu wenye mawazo tofauti nawakaribisha tuendeleze mjadala.